Uzi: Kijana ana usonji (autism), S6 (kidato cha sita) amepasi vizuri. Kwenye fomu ya chuo niseme au ninyamaze?

#1 Nalongo_Jinja
Habari zenu. Nina mapacha, Wasswa na Kato, miaka 20. Wasswa yuko chuo mwaka wa pili. Kato yuko nyumbani anahesabu malori ya miwa yanayokwenda kiwanda cha sukari cha Kakira. Walifanya S6 pamoja, na Kato ndiye aliyemzidi mwenzake pointi. Fizikia A, Hisabati A. Akapata nafasi, tukamnunulia vitu vyote, tukampeleka. Wiki ya saba nasikia mlango unagongwa, ni yeye, na begi moja. Godoro hakuja nalo. Nilimuuliza mpaka nikachoka, hakujibu.

Kato ana usonji. Daktari alituambia akiwa P3 (darasa la tatu), kabla ya hapo tulikuwa tunamwita mkaidi na tulimchapa sana, Mungu atusamehe. Kwenye fomu ya kwanza sikuandika lolote kuhusu hilo, niliogopa watamkataa. Sasa kaka yangu aliye Marekani anasema huko kuna vyuo vyenye programu za vijana kama huyu, tuombe. Baba yao anasema tuombe tena hapa hapa na tuendelee kunyamaza. Mimi niko katikati. Niseme au ninyamaze? Na hivi mtoto mwenye A mbili anashindwaje chuo wiki saba?

#2 Kijana_Malaba
Godoro limeuzwa hilo Nalongo. Magodoro ya mwaka wa kwanza yana soko kuliko mahindi.

#3 Afande_Mstaafu
Mama umemdekeza. Mtoto akirudi wiki ya saba unamrudisha siku hiyo hiyo na basi la jioni. Vijana wa siku hizi kila mmoja ana ugonjwa wenye jina refu.

#4 Ticha_Banda
Afande, usonji si ugonjwa wala jina lake si refu, lina herufi sita. Nafundisha elimu maalumu, nimekutana na akina Kato wengi. Nalongo, alisoma bweni, siyo? Basi fikiria bweni lilivyo. Kengele ya kuamka, kengele ya uji, ya darasa, ya prepu (kujisomea), ya kulala. Posho (ugali) na maharage Jumatatu, posho na maharage Jumanne. Watoto wengine wanalia, mtoto mwenye usonji anapumua, kwa sababu hakuna kubahatisha. Halafu unampeleka chuo kikuu ambako kengele hakuna. Mhadhara saa 2 asubuhi leo, kesho saa 10 jioni, katikati hapo ni yeye na dunia. Akili ya Fizikia haipotei. Kinachopotea ni ile kengele.

#5 Shangazi_Arua
Ticha nakubali nusu. Mimi mtoto wa dada yangu alikimbia hosteli kwa sababu ya kelele tu. Chini kulikuwa na baa, nyuma kuna jenereta, chumbani wako wanne na mmoja ana spika. Yule mtoto akisikia spika anaziba masikio hadi anatapika. Nalongo, hosteli yake ilikuwa wapi? Umeiona usiku au uliiona mchana tu? Wazazi wote tunaziona mchana.

#6 Nalongo_Jinja
Shangazi, niliiona mchana. Ilikuwa safi, ina vigae.
Ticha, ndiyo, bweni tangu S1, shule moja na Wasswa, bweni moja na Wasswa.

#7 Nesi_Lira
Hapo hapo kwenye #6 ndipo penye jibu. Mnatafuta kengele na spika, na mama amewapa jibu. Miaka yote alikuwa na Wasswa. Nani alikuwa anamwambia "leo mwalimu amekasirika, usiulize swali"? Nani alikuwa anamkumbusha kufua? Wasswa alikuwa mkalimani wake. Mmewatenganisha vyuo viwili, mmoja amebaki bila mkalimani. Si Kato aliyeshindwa, ni mzigo aliokuwa anabeba Wasswa umeonekana.

#8 Kijana_Malaba
Na zile mila za mapacha mlizimaliza kweli? Nauliza tu kabla hamjanirukia.

#9 Nalongo_Jinja
Tulizimaliza Malaba, na bia ulikunywa wewe.

#10 Herufi_Zinacheza
Nina disleksia, yaani shida ya kusoma, na nina digrii, kwa hiyo naomba nisikilizwe kidogo. Jina langu humu mnalionaga mnacheka, lakini ndivyo ukurasa ulivyo kwangu: herufi zinacheza.

Mimi nilinyamaza mwaka wa kwanza wote. Nikawa nakopi maandishi ya mwenzangu usiku. Kilichoniangusha si mtihani, ni kazi za kikundi. Watu sita, hakuna anayesema nani afanye nini, kila mtu anaelewa kwa macho. Nikaonekana mvivu. Kwa mtu wa usonji kazi ya kikundi nadhani ni mbaya zaidi kuliko spika. Mwaka wa pili nikamwambia mhadhiri mmoja, mmoja tu, mlango umefungwa. Akanipa maswali kwa maandishi mapema na muda zaidi. Ningesema mwaka wa kwanza nisingerudia kozi tatu.

Kitu kingine: UNEB, baraza la mitihani la Uganda, inawapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada kwa kila karatasi. Shule yangu haikuniombea. Mkuu wa shule alisema nitaharibu jina la shule. Je, Kato alipewa?

#11 Nalongo_Jinja
Hakupewa. Sikujua kama ni haki ya watoto kama yeye, nilidhani ni ya wasioona na viziwi tu. Amepata A bila hizo dakika.

#12 Mwanasheria_Mbale
Kuhusu kusema au kunyamaza, sheria iko wazi. Katiba ya Uganda ya 1995 ibara ya 21 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, ibara ya 35 inawapa watu wenye ulemavu haki ya heshima na utu. Halafu kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Chuo hakiruhusiwi kumkataa kwa sababu hiyo. Tena akisema, anaweza kugombea zile nafasi 400 za udhamini wa serikali kwa wenye ulemavu.

#13 Ticha_Banda
Mwanasheria, umeongeza sifuri na kitu juu yake. Ni 64. Nafasi zote za udhamini wa serikali ni kama 4,000 kwa mwaka, 64 ndizo za wenye ulemavu, na hizo ni kwa vyuo vikuu vya umma vyote, si Makerere peke yake kama watu wanavyodhani. Mwombaji huitwa kuhakikiwa. Na hapo ndipo shida ya Kato: fimbo nyeupe inaonekana, kiti cha magurudumu kinaonekana, usonji unakaa umevaa shati safi na A mbili. Utaulizwa "ulemavu uko wapi?" Bila ripoti nzuri ya daktari utarudi Jinja na nauli imeisha.

#14 Mwanasheria_Mbale
Nimesahihishwa, 64. Lakini hoja yangu ya ubaguzi iko pale pale.

#15 Afande_Mstaafu
Sheria ipo kwenye karatasi, ndugu. Karani wa udahili hasomi ibara ya 21. Anaona neno asilolijua anaweka faili chini. Baba wa huyo kijana ana akili. Nyamazeni, aingie kwanza, ndipo aseme.

#16 Baridi_Kali
Niko Massachusetts mwaka wa 14, nauguza wazee, na kijana wangu aliyezaliwa huku ana ADHD, yaani shida ya kutulia na kuzingatia. Amepita njia hiyo anayoisema kaka wa Nalongo, kwa hiyo naandika kirefu, mtanivumilia.

Watu wanasema "programu ya Marekani" kama ni kitu kimoja. Kuna chuo kizima ambacho wanafunzi wote ni wa aina hii: Landmark College, kule Putney, Vermont, kilianza 1985 kwa ajili ya watu wenye disleksia, baadaye wakaongeza ADHD na usonji. Huko hakuna wa kukushangaa. Halafu kuna vyuo vya kawaida vyenye programu ndani yake, kwa mfano Marshall University ya West Virginia, wana ya usonji tangu 2002. Unasoma na watu wote, ila una mtu wa kukaa naye kila wiki kupanga ratiba, na hiyo mara nyingi unailipia juu ya ada. Aina ya tatu ni za vijana wenye ulemavu wa akili, wengi hawatoki na digrii, wanajifunza kazi na kujitegemea. Sheria ya 2008 ilifungua misaada ya serikali kwa programu za aina hiyo ya tatu, lakini misaada hiyo si kwa mgeni aliyekuja na viza ya masomo. Kwa Kato mwenye A mbili aina ya tatu si yake. Kaka yako ameongelea ipi?

Sasa fomu. Kwenye hizi programu swali la "niseme au ninyamaze" halipo, usiposema huingii! Wanataka ripoti ya tathmini ya mwanasaikolojia, vipimo kamili vya akili vya watu wazima, kumbukumbu, kasi ya kusoma, na iwe ya karibuni. Ile karatasi ya P3 yenye mstari mmoja na muhuri haitoshi. Wanataka insha aliyoandika yeye. Na mahojiano ni ya kijana, mama unakaa nje. Kijana wangu aliulizwa: nani anakuamsha asubuhi? Ukikwama kwenye kazi unafanya nini? Dawa unakumbuka mwenyewe? Swali la kwanza alijibu "mama", nikasikia kupitia mlango nikataka kuzama ardhini.

Jambo jingine linalowaangusha wazazi. Huku, shule ya sekondari ndiyo yenye wajibu wa kumtafuta mtoto na kumsaidia, kila kitu kimeandikwa kwenye mpango wake. Siku anapoingia chuo mpango ule unakufa. Chuo hakimtafuti, yeye ndiye anayekwenda ofisini kusema "nina hiki, naomba kile". Na kuna sheria ya 1974 inayokifanya chuo kikatae kukuonyesha mzazi matokeo bila idhini ya mwanafunzi. Nilipiga simu kuuliza maendeleo ya mwanangu ninayemlipia, nikaambiwa kwa adabu sana kwamba hawawezi kuthibitisha kama yupo chuoni.

#17 Kijana_Malaba
"Hawawezi kuthibitisha kama yupo" 😂 Hapa kwetu mhadhiri anampigia shangazi yako.

#18 Shangazi_Arua
Landmark si ndiyo ile ya Florida? Nimeiona kwenye video.

#19 Baridi_Kali
Hapana shangazi. Ya Florida ni Beacon College, mji wa Leesburg, 1989. Vermont kuna theluji, Florida kuna mamba. Wengi wanazichanganya kwa sababu zote mbili ni vyuo vizima vya vijana hawa.

#20 Nalongo_Jinja
Asante Baridi. Kaka yangu ametaja hiyo ya Vermont. Shilingi ngapi?

#21 Baridi_Kali
Keti chini kwanza. Ada na malazi ni zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka. Piga mara 3,600.

#22 Boda_Mpumudde
Milioni 216! Kwa mwaka! Nalongo hiyo ni pikipiki 30 na chenji. Mpe Kato pikipiki moja tu, abaki Jinja.

#23 Baridi_Kali
Na viza. Viza ya mwanafunzi wa digrii ya kwanza inataka krediti 12 kila muhula. Vijana wengi wa programu hizi wanashauriwa waanze polepole, masomo mawili matatu. Mwenye uraia anaweza. Mgeni akitaka kupunguza kwa sababu za kiafya anahitaji barua ya daktari na idhini ya ofisi ya wageni ya chuo, na jumla haipiti miezi 12 kwa ngazi ile ya masomo. Kwa hiyo kitu chenyewe kinachowasaidia, yaani kwenda taratibu, mtoto wako atakipata kwa kipimo. Kaka yako hajakwambia hilo, nadhani hajui.

#24 Nesi_Lira
Na huko Vermont Wasswa hayupo.

#25 Boda_Mpumudde
Mimi nimesimama kwenye malori ya miwa. Mtu anayehesabu malori siyo mvivu. Anapenda nini huyo kijana, Nalongo?

#26 Nalongo_Jinja
Mabwawa ya umeme. Kuanzia Owen Falls mpaka Karuma. Anajua kila mtambo. Mgeni akija nyumbani hajapewa hata chai ameshaambiwa megawati.

#27 Boda_Mpumudde
Basi kazi yake iko mlangoni! Nalubaale (ndiyo Owen Falls), Kiira, Bujagali, yote ninapita na abiria. Karuma sasa ni megawati 650, wanatafuta mafundi. Mpeleke ufundi umeme, achaneni na chuo kikuu.

#28 Ticha_Banda
Boda ana hoja kuliko anavyojua. Ufundi kuna mtihani wa vitendo, unaona kitu, unashika kitu, ratiba ni karakana kila siku. Na kuna vyeti vya kumpima mtu kwa kile anachoweza kufanya kwa mikono yake hata bila kozi ndefu. Vituo vya serikali vya ufundi kwa wenye ulemavu pia vipo, Kireka, Lweza, na hapo hapo Jinja kuna Mpumudde.

#29 Herufi_Zinacheza
Ticha, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani na wewe. Mtu ana A ya Fizikia na A ya Hisabati, kwa nini mawazo yetu yanakimbilia kumshusha? Angekuwa Wasswa amekimbia hosteli, nani angesema Mpumudde? Nilipewa ushauri huo huo mimi: "nenda ushonaji." Kushona sijui mpaka leo.

#30 Ticha_Banda
Umenishika pabaya. Sikumaanisha kushusha. Ila nimeona pia vijana waliolazimishwa digrii ili mzazi apige picha.

#31 Nalongo_Jinja
Mimi ni Kato. Mama yuko jikoni na amesema naweza kuandika.

Karuma si 650. Ni 600, mitambo 6 ya megawati 100. Nalubaale 180, mitambo 10. Kiira 200, mitambo 5. Bujagali 250, mitambo 5. Isimba 183.2, mitambo 4. Jumla 1,413.2. Nalubaale ilifunguliwa 1954.

Nimesoma sababu zenu. Ya #4 ni kweli. Ya #5 ni kweli siku ya Ijumaa tu. Ya #7 sijui, Wasswa pia hafui. Ya #10 hatukuwa tumepewa kazi ya kikundi bado. Hakuna aliyeandika kwamba chumba cha mhadhara cha Jumanne kilibadilishwa mara 4 na tangazo liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo sikuwamo. Nilikaa kwenye chumba kisicho na watu mara 4. Lakini hiyo ilikuwa wiki ya tatu na ya nne, na mimi niliondoka wiki ya saba, kwa hiyo sijui kama ndiyo sababu.

Godoro nilimpa mlinzi wa geti. Alikuwa analala kwenye boksi.

Kuhusu fomu, hakuna aliyeniuliza.

#32 Kijana_Malaba
Nafuta #2.

#33 Boda_Mpumudde
Nimesahihishwa na mwenyewe. 600.

#34 Shangazi_Arua
Kato mwanangu, Ijumaa ndiyo siku ya baa, nilisema mimi!

#35 Nesi_Lira
"Wasswa pia hafui" haipingi hoja yangu. Nani aliyekuwa anamwonyesha Kato chumba cha darasa sekondari? Kundi la WhatsApp ni Wasswa aliyekosekana. Mimi nabaki pale pale.

#36 Ticha_Banda
Kundi la WhatsApp ni kengele, Nesi.

#37 Afande_Mstaafu
Kikosini tulikuwa na kijana wa mawasiliano. Haongei na mtu, hali na wenzake, ukimgusa bega anaruka. Redio zote alizijua kwa mlio. Tulimwita jina baya ambalo sitaliandika. Alikuwa na ratiba yake imechorwa ukutani kwa chaki, na siku mtu mmoja alipoifuta hakutoka chumbani siku mbili. Sikuwahi kufikiria kama hiyo ina jina. Lakini bado nasema, akiandika kwenye fomu karani ataweka faili chini.

#38 Mwanasheria_Mbale
Kuna njia ya katikati ambayo hamjaitaja. Fomu ya udahili na ofisi ya mahitaji maalumu si mlango mmoja. Anaweza kuomba kwa pointi zake kama mtu yeyote, akishapata barua ya udahili aende ofisini na ripoti, kabla masomo hayajaanza. Anachopoteza ni zile nafasi 64 tu.

#39 Herufi_Zinacheza
"Tu"? Kwa familia ya kulipa ada ya watoto wawili?
Ila sawa, kama pesa ipo njia hiyo naipenda. Ofisini usiende na neno "usonji" peke yake, hawajui walifanyie nini. Nenda na maombi: chumba cha peke yake au cha watu wawili, mabadiliko ya ratiba yatumwe kwa ujumbe wake binafsi, mtu mmoja wa kumuuliza. Mambo matatu, karatasi moja.

#40 Baridi_Kali
Hiyo karatasi ya #39 ndiyo ile programu ya milioni 216, tofauti ni kwamba huku kuna mtu anayelipwa kuisoma.

#41 Ticha_Banda
Baridi, sisi tumekuwa na watu wa kuisoma muda mrefu. Chuo Kikuu cha Kyambogo kina kitivo kizima cha mahitaji maalumu tangu 1988.

#42 Mwanasheria_Mbale
Zamu yangu kusahihisha. Kyambogo yenyewe imeundwa 2003, kwa kuunganisha vyuo vitatu. Unachosema wewe ni UNISE, chuo cha elimu maalumu, kilichokuwa kimoja kati ya hivyo vitatu.

#43 Ticha_Banda
64 umenilipa.

#44 Nalongo_Jinja
Nimesoma yote, na nimesoma na #31, aliiandika nikiwa nakaanga samaki. Muda wote huu namuuliza godoro liko wapi. Tumeongea jana usiku kidogo. Anasema Vermont hataki, si kwa sababu ya pesa, anasema mto wa huko ni mdogo. Fomu anasema ataijaza yeye. Kile kisanduku cha ulemavu amekiacha wazi, anasema anafikiria, nisimguse. Baba yao anadhani ameshinda.
Ripoti mpya inapatikana wapi bila kuuza kiwanja?

#45 Nesi_Lira
Anza kliniki ya afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, hapo hapo Jinja, wakuandikie barua ya kwenda hospitali ya Mulago au Butabika, Kampala. Foleni ni ndefu, nenda naye asubuhi sana. Na mwambie kabla kwamba foleni ni ndefu.

#46 Boda_Mpumudde
Nalongo, nauli kwenda hospitali ni juu yangu. Ila Kato asinihesabie kilomita.

#47 Mama_Iganga
Samahani naingia nimechelewa. Binti yangu yuko S4, ana shida ya kusoma kama ya Herufi. Hizo dakika 45 zinaombwa lini? Mwalimu wa darasa ananiambia ni mpaka mwezi wa mtihani.

#48 Herufi_Zinacheza
Hapana mama, usimsikilize. Zinaombwa kupitia shule wakati wa usajili wa watahiniwa. Nenda kesho kwa mkuu wa shule mwenyewe, na barua ya daktari, na uache nakala.

#49 Mama_Iganga
Usajili umeshaanza?